Kuhusu Gauni la Bluu Lisilofutika Kwenye Kompyuta ya Dobi

Kwako Fundi Saa, jirani yangu wa miaka mingi,

Salamu nyingi na heshima zote. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba ile saa ya ukutani uliyoipasua tumbo tangu Jumatatu umeshaifunga. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo, macho na mkono wa kulia.

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye duka lake liko hatua arobaini kutoka lako. Nimezihesabu. Hapa nilipokaa nakiona kisogo chako. Lakini nimekuja kwako mara tatu kwa miguu yangu, na mara zote tatu nimekukuta umebana kile kioo chako kidogo kwenye jicho, ukaninyooshea kidole kimoja cha kuniambia nisubiri. Mara ya kwanza nilisubiri mpaka chai yangu ikapoa kule dukani. Mara ya pili nilisubiri mpaka nikasahau nilichofuata. Mara ya tatu nilikuja nimejiandaa kwa hasira kamili, lakini huwezi kumgombeza mtu aliyeshika springi nyembamba kuliko unywele, kwa sababu akishtuka itaruka na mtaitafuta wote wawili mkiwa mmepiga magoti. Ndiyo maana nimeona niandike. Karatasi hainyooshi kidole.

Malalamiko yangu yanamhusu kijana wako wa pili, yule mwenye miwani, mtaalamu wa kompyuta. Nitayapanga kwa namba, usije ukasema dobi amekuletea fungu la nguo bila kulichambua.

1. Kuhusu jinsi mambo yalivyoanza.

Unajua kwamba nimekuwa dobi kwa miaka ishirini na sita, na kwamba juu ya kaunta yangu kuna kibao cha herufi nyekundu kisemacho HAPA HAIJAPOTEA HATA SOKSI. Hayo si majigambo. Kila nguo inayoingia inashonewa kitambaa kidogo chenye namba, namba inaandikwa kwenye daftari, na nguo haitoki ila kwa mkono wa aliyeileta. Siku moja mke wangu alikuja kuchukua shati langu mwenyewe nikamuuliza namba. Tuliendelea kuishi pamoja, lakini nyumba ilikuwa na utulivu mkubwa kwa siku nne.

Miezi mitatu iliyopita kijana wako alileta leso moja. Nikaona, kijana nadhifu. Kesho yake akaleta soksi, moja. Keshokutwa yake akaleta mwenzake. Nikamwambia binti yangu mdogo, yule anayekaa kaunta, kwamba tangu nizaliwe sijaona mtu anayejali usafi namna hii, na kwamba malezi ya Fundi Saa yanaonekana. Binti yangu akatazama chini akasema, "Ni kweli, Baba." Wiki ya pili kijana akaliangalia daftari langu kwa huruma. "Mzee, mbona mnajitesa hivi? Nitawaandikia programu ndogo, zawadi tu, wateja waone nguo zao kwenye skrini." Nami kwa uzee wangu nikasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kwamba mwenyeji alikuwa mzima kabisa mpaka mgeni alipofika.

2. Kuhusu programu yenyewe.

Aliandika maagizo yake mstari kwa mstari, mwenyewe anayaita skripti, kwenye ile kompyuta kuukuu niliyopewa na shemeji yangu. Ukiiwasha linafunguka boksi kubwa la kijivu, wao wanaliita dirisha, na humo ndani nguo zinachorwa. Likiingia shati, binti anaandika namba na shati dogo linatokea. Ikiingia suruali, inatokea suruali. Skrini tuliigeuza iwatazame wateja. Siku ya kwanza watu walisimama kutazama nguo zao kama wazazi wanaotazama watoto wao wakipanda jukwaani, na kinyozi wa jirani akaleta aproni ambayo haijachafuka ili naye aione yake.

Kumfundisha binti yangu kuitumia kulichukua wiki saba. Programu ina vitufe viwili. Kijana wako alikuja kila siku, akasimama pembeni yake na kueleza kwa sauti ya chini, na binti yangu, ambaye shuleni alikuwa wa kwanza darasani, akawa haelewi. Nikasema kompyuta ni elimu ngumu.

Tatizo lilikuja saa ya kuchukua nguo. Mteja akichukua shati lake, binti anabonyeza kitufe cha IMECHUKULIWA, kompyuta inakubali, namba inaondoka kwenye orodha, lakini lile shati lililochorwa linabaki palepale. Mtu yuko barabarani na shati lake begani, huku shati lake liko kwangu linamsindikiza kwa macho. Kufikia Ijumaa nilikuwa na nguo thelathini na nane kwenye skrini na sita kwenye rafu. Yote hayo chini ya kibao cha herufi nyekundu.

3. Kuhusu jibu nililopewa.

Nilimwita kijana wako. Akainama, akatazama, akasukuma miwani yake, akaniambia kwa upole: "Mzee, hizo picha si vitu. Ningeziweka kama vitu ningezifuta moja moja. Mimi nimezichora tu juu ya dirisha, kama rangi. Hakuna cha kufuta. Dawa yake ni kuliambia dirisha lijichore upya."

Naomba ulitafakari jibu hilo kama mtu mzima. Mimi nimetoa wino kwenye gauni la bibi harusi saa moja kabla ya harusi. Nimetoa kutu, lami, bizari, nta ya mshumaa na damu ya pua. Sijawahi kumwambia mteja, "Mama, hili doa si kitu, ni rangi tu, hakuna cha kutoa. Liambie gauni lijifume upya." Ningesema hivyo hata mara moja, leo ningekuwa nauza karanga.

Hata hivyo alijaribu, lazima niseme haki. Kwanza alichora kipande cha kijivu juu ya kila nguo iliyochukuliwa, ili kiifunike. Lakini kijivu chake hakikufanana na kijivu cha dirisha. Nilikiona nikiwa bado mlangoni, na mimi siwezi kudanganywa kwa kiraka. Halafu akafuta dirisha zima kwa mkupuo mmoja. Likabaki kijivu kitupu, na nguo za watu zilizokuwa bado ziko kwangu nazo zikaenda. Wakati huohuo mama mmoja aliyeleta mapazia sita alikuwa anaingia. Alipoona skrini tupu alikaa chini sakafuni na kuuliza mapazia yake nimempa nani. Ilibidi nimshike mkono, nimpeleke uani, akayaguse mwenyewe yakiwa bado yanachuruzika maji, na hata hapo aliyahesabu mara mbili.

4. Kuhusu kikokotoo.

Baada ya hapo niliamua kujitegemea. Mchana mmoja nilifungua kile kikokotoo kilichomo ndani ya kompyuta, nikitaka kujua sabuni ya unga itanifikisha lini. Kikatokea katikati ya mashati, nikakiburuza kwa kipanya nikisogeze kando. Kila kilipopita, mashati yakatoweka. Nikakirudisha. Suruali mbili nazo zikaenda. Kijana wako alinieleza baadaye kwamba kwenye kompyuta ya zamani kama ile, dirisha moja likipita juu ya jingine, la chini hujichora upya pale lilipofunikwa, na kwa kuwa zile picha halizikumbuki, hazirudi. Sawa, yeye ndiye msomi. Mimi nilichokiona ni pasi.

Tangu siku hiyo napiga pasi mara mbili. Nguo nazipiga kwa pasi, na picha za nguo nazipiga kwa kikokotoo. Ni kazi ya mkono mwepesi, maana ukipitiliza kidogo unafuta na ya jirani. Wiki iliyopita nilikuwa naondoa shati la kinyozi, mkono ukateleza, nikafuta suti iliyokuwa bado kwenye beseni. Mwenye suti alikuwa amesimama mbele yangu. Aliniangalia kama mtu niliyemchomea suti yake akiwa ndani yake.

Kibaya zaidi ni kwamba wateja wameizoea. Mtu akishapewa nguo yake haendi zake. Anasubiri picha yake ipitishiwe kikokotoo, aone kwa macho yake inaondoka. Mmoja alinilalamikia kwamba suruali yake nimeipitishia mara moja tu wakati ya mwenzake nimeipitishia mara mbili. Juzi nilikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja, wote nguo zao ziko mikononi, na wote wamekataa kurudi nyumbani. Ndiyo habari ya mkono wangu wa kulia.

5. Kuhusu Mwalimu Mkuu mstaafu.

Unamfahamu, ndiye uliyemtengenezea saa ya mfukoni akairudisha akidai inakwenda kwa uvivu. Jumatano ya wiki iliyopita alichukua shati lake jeupe, na mimi katika pilikapilika nikasahau kulipitishia kikokotoo. Alhamisi asubuhi akaja kuulizia shati lake. Alikuwa amelivaa.

Nilimwonyesha kwa adabu, kifuani pake. Akanijibu, "Dobi, hili ni lile nililochukua jana. Mimi naulizia lile ambalo bado lipo," akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye skrini. Nikamwambia ni shati moja. Akaniuliza, mbele ya wateja, kama ni moja, na hilo moja liko mwilini mwake, basi lile pale ni la nani. Watu wakaguna kukubaliana naye. Huyu ni mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini, na sauti ya kufundishia hakuirudisha alipostaafu. Nikakimbilia kikokotoo, naye akanishika mkono akisema naharibu ushahidi.

Tangu hapo anakuja kila siku. Saa tatu kamili anakaa kwenye kiti cha wateja, analilinda shati lake lisifutwe na anasoma gazeti langu kabla yangu. Sasa ana shati mwilini, ana shati kwenye skrini, na ana kiti.

6. Kuhusu gauni la bluu.

Hayo yote ningeyameza, Fundi. Hili ndilo lililonikaa kooni.

Kwenye pembe ya juu ya dirisha lile kuna gauni dogo la bluu lenye kola nyeupe, namba 14. Hakuna mtu aliyeleta gauni hilo. Nikilipitishia kikokotoo linatoweka kama mengine, na kabla sijaachia kipanya limesharudi. Siku moja nimelipiga pasi mara arobaini. Nimeizima kompyuta, nimeiacha ipumzike, nimeiwasha tena, na gauni likatokea la kwanza, kabla ya nguo ya mteja yeyote. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mimi nikaanza kuamini kwamba gauni lipo mahali.

Nielewe, jirani yangu. Kama kuna gauni liliingia kwangu na sijui liliko, basi kibao changu kinasema uongo, na mimi nimesimama chini yake kwa miaka ishirini na sita nikiutazama mtaa usoni. Chakula hakipandi. Nimebandua rafu zote ukutani. Nimeingiza kichwa kwenye ngoma ya mashine kubwa ya kufulia mpaka mama watoto akanivuta kwa miguu. Nimemuuliza kinyozi, nimemuuliza muuza maua, nimemuuliza mpaka posta. Nimekwenda kukagua kabati la nyumbani kwangu, na humo kweli nimekuta gauni la bluu lenye kola nyeupe, lakini hilo ni la binti yangu, analivaa siku anazotaka kupendeza, na halina kitambaa cha namba. Kwa hiyo silo. Nikalirudisha kabatini na kuendelea kutafuta.

Binti mwenyewe nikimuuliza ananiambia, "Baba, liache tu hapo. Linamdhuru nani?" Kisha anageukia nguo zilizotundikwa, ananipa mgongo, na mabega yake yanatikisika. Mtoto wa watu analia kwa aibu iliyolipata duka la baba yake. Hilo linaniuma kuliko hata mkono.

Mwisho nilimsimamisha kijana wako mbele ya kaunta, nikamwamuru alifute gauni lile saa ileile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mzee," akasema, "mengine yote nitayarekebisha hata leo. Hilo siwezi kulifuta." Nikamuuliza ni siwezi ya kushindwa au ni siwezi ya kukataa. Akasema, "Zote mbili, Mzee." Sasa huyo ni mtaalamu wa namna gani?

7. Kuhusu ugunduzi wangu wa jana.

Jana nilipekua daftari la zamani, lile la kabla ya maendeleo, nikaitafuta namba 14. Nimeipata. Ni leso moja nyeupe, iliyoletwa na kijana wako siku ya kwanza kabisa alipokanyaga kwangu. Imechukuliwa, na sahihi yake ipo.

Nikakaa chini nikaunganisha mambo, na waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea hata kidogo. Mtu ameleta leso. Leso ameshaichukua. Lakini kwenye skrini, mbele ya mtaa mzima, namba yake ina gauni. Siku atakaposimama pale kaunta na kusema amekuja kuchukua namba 14, huku Mwalimu Mkuu ameketi pembeni na ile sauti yake, mimi nitamtolea gauni lipi? Kwa maneno mengine, Fundi, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nakuheshimu, kijana wako amekusudia kuondoka dukani kwangu na kitu ambacho hakukileta. Nina hakika pia kwamba humu ndani yumo mtu anayeshirikiana naye. Huyo bado namtafuta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima na bila ugomvi. Kijana wako asikanyage tena dukani kwangu, si kwa leso, si kwa soksi moja, si kwa jozi. Afulie nyumbani kwenu. Kabla ya hapo lakini aje mara moja ya mwisho kufuta kila kilichochorwa kwenye dirisha langu, wewe ukiwa umesimama nyuma yake bila kioo jichoni. Kwa kuwa nimekwisha kumkataza kukanyaga, atasimama nje kizingitini na tutamnyooshea kibodi kwa waya wake. Wakati wa kazi hiyo asizungumze na binti yangu, kwa sababu nimechunguza na kuona kwamba programu huharibika zaidi wanapozungumza.

Vilevile utaniandikia, kwa mkono wako, kwamba hakuna gauni, halijawahi kuwepo gauni, na kwamba ukoo wako hautakuja kudai gauni kwangu leo wala kesho. Hati hiyo nitaibandika chini ya kibao changu. Haya yasipotimia kufikia Jumamosi, nitarudi kwenye daftari, skrini nitaifunika kwa shuka, na ile saa yangu ya mkononi uliyonayo tangu mwaka juzi nitakuja kuidai kwa sauti, hata kama umeshika springi.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, nisalimie kijana wako wa kwanza ambaye namshukuru sana kwa kutojua kompyuta, na zisalimie saa zako zote ukutani, ambazo kila moja ina maoni yake kuhusu saa ngapi. Kijana wa pili usimsalimie, labda aulize mwenyewe.

Ni mimi jirani yako, mwenye kinyongo kilichofuliwa, kikaanikwa na kunyooshwa,

Dobi wa Kona

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika nilimpa mama watoto aisome, anirekebishie makosa. Alipofika namba 6 alikaa kwenye kapu la nguo chafu. Nilidhani amezidiwa na hasira kwa niaba yangu. Kumbe anacheka, na alicheka mpaka Mwalimu Mkuu akateremsha gazeti. Kisha akajifuta macho kwa shuka la mteja na kuniuliza, "Baba watoto, siku kijana alipoleta ile leso, kaunta alikaa nani?" Nikasema, binti yetu. Akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Fundi, nilifikiri. Nilifikiri muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili zake. Mwalimu Mkuu ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kiti chake, bila kuulizwa. "La bluu," akasema, "lenye kola nyeupe. Mtaa mzima unajua, Dobi." Kumbe muda wote alikuwa analilinda na gauni hilo.

Mama watoto, baada ya kumdodosa binti, amenieleza kwamba mashati yalibaki kwa makosa, lakini gauni halikubaki kwa makosa. Kwenye yale maagizo ya kijana wako kuna mstari mmoja unaolichora upya kila dirisha linapojichora. Ndio mstari aliouandika wa kwanza, kabla ya shati la mtu yeyote. Na yule mshirika wa ndani nimempata. Amesimama hapa mbele yangu, mabega yametulia. Kumbe miezi yote hii hakuwa analia. Mama yake amemuuliza kama anamtaka kijana huyo, naye amejibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini mkono wangu unaujua. Basi malalamiko ya kwanza hadi ya saba yabonyezee IMECHUKULIWA. Ukiona bado yanaonekana kwenye karatasi, usijali, hayo si vitu, ni rangi tu. Kijana wako aje, akanyage anavyotaka, arekebishe mashati, lakini gauni asiliguse. Shati la Mwalimu Mkuu nalo aliache, maana likifutwa atakosa pa kukaa asubuhi. Na wewe ufunge duka Jumamosi, uje tuzungumze kama wazazi. Barua hii anakuletea binti mwenyewe. Akifika usimnyooshee kidole asubiri, huyu amesubiri vya kutosha.

Nimeona uchungu, sikufichi, na nimefurahi, yote kwa wakati mmoja. Mwanangu si nguo na hana namba, atatoka kwa miguu yake. Ila kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyeondoka mlangoni kwangu na asichokileta, na huyu wako atakuwa wa kwanza, nami nitamfungulia mlango mwenyewe. Mwambie tu siku hiyo aje na ile leso. Nitaihitaji mimi.